Jinsi baiskeli yangu ya resi ya "Chapa Sikio" ilivyotaka kunikosesha mke

Wakuu, habari za humu ndani.

Jana kuna kijana kaweka picha ya baiskeli ya resi, kongwe, imepakwa rangi nyeusi mpaka kwenye spoki. Anasema kaiona kwa fundi mmoja Tandika, na anaomba mwenye kujua amwambie ilitengenezwa na nani na ina umri gani.

Mmemjibu vibaya sana. Mmoja kamwambia aipeleke kwenye mzani wa chuma chakavu, umri ataambiwa huko huko.

Mimi humu huwa nasoma tu, sichangii. Lakini ile picha imeninyima raha tangu jana, kwa hiyo leo nafungua uzi wangu wa kwanza. Nina miaka themanini na nane, nachapa kwa kidole kimoja, na akaunti kanifungulia mjukuu wangu.

Ninayoyasimulia yamenikuta mwenyewe. Shahidi wangu yuko hai, kakaa hapa mkekani, na kila ninachochapa namsomea kwa sauti. Nikitia chumvi ananipiga teke la mguu. Mpaka hapa nimepigwa moja, sijui kwa nini.

Basi tuanze.

Enzi hizo Mwingereza bado yupo, miaka ya hamsini inaelekea ukingoni. Temeke yetu ilikuwa minazi, mikorosho na nyumba za udongo zilizoachana mbali. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nafanya kazi kwenye ghala moja Kurasini, kazi ya kupokea mizigo na kuipanga.

Baiskeli niliinunua mnadani, mjini.

Baiskeli za siku zile zilikuwa nzito, usukani mpana, nyuma kareria ya kubebea gunia zima la mkaa. Yangu haikuwa hivyo. Yangu ilikuwa ya resi. Nyembamba, usukani umekunjwa kwenda chini, siti ndogo na ngumu, ukikaa kwa saa nzima unatembea kwa adabu siku mbili.

Kareria haina. Kengele haina. Na chapa haina. Hilo la mwisho ndilo lililoniponza.

Vijana, mnielewe hapa. Baiskeli ilijulikana kwa chapa yake, kile kibati cha shaba kinachokaa shingoni, chini ya usukani. Wengi wetu hatukusoma, kwa hiyo tuliita kwa picha. Huyu ana Jogoo, yule ana Nanga. Mwenye Jogoo na mwenye Nanga hawakuweza kunywa kahawa kibaraza kimoja bila kubishana mpaka magharibi.

Yangu pale shingoni ilikuwa na rangi ya kijivu tu, nene, ya mtu aliyepaka akiwa amekasirika. Popote niliposimama naulizwa, "Hiyo chapa gani?" Najibu, "Ya resi." Watu wanacheka, na mimi najifanya nimeona mtu ninayemfahamu kule mbele.

Sasa katika hali hiyo nikapenda.

Binti anaitwa Mwajuma, wa Gongo la Mboto. Nilimwona kwenye harusi ya binamu yangu. Nilikuwa nimejimwagia mchuzi wa pilau kwenye shati jeupe, watu wote wananicheka, yeye akaniletea kata ya maji ninawe. Nilipomaliza kunawa, naye akacheka. Nikajua nimekwisha.

Baba yake ni Fundi Kibwana. Alikuwa na karakana kando ya barabara ya Pugu, anatengeneza baiskeli za wauza mkaa na wauza mihogo. Mtu mrefu, mkimya, anakutazama magoti kabla ya uso. Watu walisema anaweza kukwambia kasoro ya baiskeli yako kwa kusikia tu unavyokuja.

Kwetu mwanamume hajiposei mwenyewe. Anatumwa mshenga, mtu mzima mwenye maneno, aende na barua. Mshenga wangu alikuwa Mjomba Sefu, kaka yake mama. Maneno alikuwa nayo mengi kuliko yaliyohitajika.

Na hapa ndipo nilipofanya kosa langu, wakuu. Naomba mlisome polepole.

Posa ilikuwa Jumapili. Mjomba akasema Gongo la Mboto ni mbali, atakwenda na baiskeli yangu, tena itampa heshima. Mimi nikaona ile kijivu ni aibu. Ghalani kulikuwa na rangi ya kijani iliyobaki kwenye kupaka majahazi ya mizigo, bosi akaniruhusu nichukue kopo moja. Ijumaa jioni nikaipaka baiskeli yote, mpaka siti na usukani, kwa brashi ya kupakia chokaa.

Sikujua kwamba rangi ile ya majahazi haina haraka. Chombo kinakaa juu ya magogo wiki mbili, inakauka kwa raha zake.

Jumapili asubuhi niligusa kwa kidole kimoja nikaona imekauka. Niligusa mahali pamoja tu.

Mjomba akapanda. Kanzu nyeupe pee, kofia ya kiua, barua ya posa ndani ya koti. Aliondoka kainama juu ya usukani ule kama mtu anayetafuta sindano barabarani. Nikamwangalia mpaka akapotea, moyo umejaa fahari.

Yaliyotokea kule nilisimuliwa na Mjomba kwa namna moja, na baadaye na watu wa nyumba ile kwa namna nyingine. Nitawapa ya watu wa nyumba ile.

Mjomba alifika, akashuka, akaamkia watu, akageuka kuvua viatu. Wanawake waliojaa mlangoni wakaziba midomo kwa kanga. Nyuma ya kanzu kulikuwa na siti ya baiskeli, kamili, kwa rangi ya kijani. Ndani ya mapaja, milia. Viganja vyote viwili kijani, na Fundi Kibwana alikuwa ameshampa mkono.

Fundi akatazama kiganja chake. Akauliza kwa upole, "Ndugu yangu, rangi hii ni ya nini?"

Mtu mwingine angesema kijana kaipaka juzi, tusameheane, tukaendelea. Mjomba Sefu hakuwa mtu mwingine.

Akasema, "Ni hiyo baiskeli ya mchumba. Mpya. Imetoka Ulaya juzi tu, hata rangi ya kiwandani haijakauka."

Fundi akauliza, "Imekuja kwa meli?"

"Kwa meli."

"Meli inachukua kama mwezi."

"Na zaidi."

"Na rangi bado mbichi?"

Mjomba akasema, "Wazungu wana rangi za ajabu sana siku hizi."

Fundi Kibwana akaichukua barua ya posa, akaiweka chini ya kopo la grisi, hakuifungua. Akasema, "Mimi kazi yangu ni baiskeli. Mtu akinidanganya kwenye kazi yangu mwenyewe, kwenye yale nisiyoyajua atanifanya nini? Jumapili ijayo ileteni hapa, na kijana aje nayo. Mniambie chapa yake ni ipi na umri wake ni miaka mingapi. Mkisema kweli, barua hii nitaifungua. Mkinidanganya tena, mtaondoka nayo."

Mjomba alirudi Temeke kwa miguu, baiskeli anaikokota, kanzu kaikunja kiunoni. Alivyoniambia mimi ni kwamba posa imekwenda vizuri sana, kumebaki jambo dogo tu la kiufundi, chapa na umri wa baiskeli, na barua inatungoja chini ya kopo la grisi.

Mtaniuliza kwa nini sikwenda kusema sijui. Wakuu, nilikuwa na miaka ishirini na moja, na nilikuwa na mjomba. Niliona kusema sijui mbele ya baba mkwe ni sawa na kwenda posa bila suruali. Nilimtaka yule binti mpaka chakula kilikuwa hakipiti.

Kwa hiyo wiki nzima, kila nikitoka kazini, tukafanya uchunguzi.

Tulikuwa watatu. Mimi, Mjomba, na jirani yetu Karani Alfonsi. Huyu alikuwa mtu wa Songea, Mkristo, mpole, anavaa miwani na kaptura iliyopigwa pasi hata Jumamosi. Tulimwita kwa sababu alikuwa na kitabu cha Kiingereza chenye picha za baiskeli, na kwa sababu aliamini kila kitu duniani kimeandikwa mahali.

Jumatatu Mjomba alianza kwa njia yake. Akagonga fremu kwa kijiko, akatega sikio. Akasema chuma cha Mwingereza kinalia kama kengele ya shule, cha Mjerumani kinalia kama sufuria. Chetu kililia kama kijiko.

Kisha akasema chuma cha Ulaya kina chumvi ya bahari, akailamba. Ulimi ulikaa kijani mpaka Jumatano. Mkewe alidhani ni ugonjwa akamchemshia mwarobaini, naye akanywa ili asilazimike kueleza.

Jumanne Alfonsi akalala chali chini ya baiskeli, kashika kioo cha kunyolea. Pale chini penye pedeli akakuta namba ya tarakimu tano. Akafurahi sana. Akasema kwa uhakika, "Tarakimu mbili za kwanza ndizo mwaka."

Mjomba akauliza, "Mwaka gani?"

"Sabini na mbili."

Mjomba akahesabu kwa vidole. "Mbona huko hatujafika?"

Alfonsi akavua miwani, akaifuta, akafikiri. "Basi itakuwa ya karne iliyopita."

Nikaona barua yangu inatoka chini ya kopo la grisi. Nikaomba hiyo namba tusiitaje tena.

Jumatano tukaamua kukwangua rangi. Nilichukua senti yenye tundu nikaanza na mguu wa kulia wa uma, ule unaoshika gurudumu la mbele. Ikatoka kijani yangu. Ikatoka kijivu ya mtu mwenye hasira. Chini yake, wakuu, nikakuta nyekundu.

Si nyekundu hii mnayoijua. Ilikuwa nyekundu ya ndani, laini, imepakwa na mtu mwenye subira. Pembeni yake mistari miwili ya rangi ya dhahabu, myembamba kama uzi, imenyooka kutoka juu mpaka chini. Na mwisho wa mistari, karibu na gurudumu, palikuwa na kitu kimechorwa. Kidogo, hakizidi ukucha. Kimepinda, upande mmoja kinene.

Tukainama wote watatu.

Alfonsi akasema ni figo. Mimi nikasema labda harage. Mjomba akarudi nyuma hatua mbili, akafumba jicho moja, akatamka, "Sikio. Hii ni Chapa Sikio."

Tukakubali, maana lilisikika kama jambo la kweli. Alfonsi akafungua kitabu chake ukurasa kwa ukurasa, Chapa Sikio haikuwemo. Mjomba akasema ndiyo sababu ni ghali.

Sasa sikilizeni aibu yetu. Nyuma yetu kulikuwa na mikorosho. Mbele yetu kulikuwa na mikorosho. Mjomba mwenyewe alikuwa anatafuna korosho za kukaanga, kazishika mkononi, na alizitumia kuelekeza alipokuwa anatuonyesha lile sikio. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona. Akili zetu zilikuwa Ulaya, hazikurudi.

Ikabaki ishu ya umri. Mjomba alishasema ni mpya, hawezi kurudi nyuma. Alfonsi dhamiri yake ilimsumbua, akasema si chini ya miaka kumi. Wakabishana siku mbili, wakapatana kwa mwaka mmoja na nusu. Ndiyo, wakuu, umri wa baiskeli yangu ulipatikana kwa maridhiano.

Jumapili tukaenda. Mimi naikokota, Mjomba kavaa kanzu nyeusi kwa tahadhari, Alfonsi kabeba kitabu kwapani.

Fundi Kibwana alikuwa kakaa kwenye kigoda mlangoni mwa karakana. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anatazama baiskeli. Barua ilikuwa palepale chini ya kopo.

"Haya," akasema. "Chapa."

Mjomba akapanua kifua. "Chapa Sikio, ya Uingereza."

Ndani ya nyumba, nyuma ya pazia, mtu akacheka. Nilikijua kile kicheko, nilikisikia mara moja tu kwenye harusi.

"Umri."

"Mwaka mmoja na nusu."

Kicheko kikageuka kikohozi.

Fundi akapiga magoti mbele ya uma, akatazama pale nilipokwangua. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akaita, "Mwajuma. Njoo uwaambie hiki ni nini."

Akatoka, kajifunga kanga, na nilitegemea atanitazama japo kidogo. Hakunitazama. Alitazama baiskeli tu, akainama, akapitisha kidole kwenye ile mistari ya dhahabu ambayo senti yangu ilikuwa imeichana.

"Nani kaikwangua hivi?"

Nikasema, "Mie."

"Na nini?"

"Senti."

Akaugusa tena ule mchano, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba. Kisha akawageukia Mjomba na Alfonsi. "Hilo si sikio. Ni korosho. Nimeichora mwenyewe."

Fundi akaeleza, na sauti yake ilikuwa ya chini. Mikono yake ilikuwa inatetemeka siku nyingi, brashi hakuweza tena kuishika. Rangi yote iliyotoka karakana ile, mistari yote ambayo watu walikuja kutoka mbali kuifuata, alipaka Mwajuma. Na kila akimaliza, huweka korosho moja mguuni mwa uma.

Mjomba akameza korosho aliyokuwa anatafuna.

Fundi akanyoosha mkono, akaitoa barua chini ya kopo. Akaipangusa grisi kwa kiganja. Nikaona anataka kumkabidhi Mjomba, na Mjomba tayari kaweka mikono ya kupokea.

Wakuu, nilisema bila kupanga. Nikasema, "Mzee, sijui."

Akasita.

"Sijui chapa yake, sijui umri wake. Niliinunua mnadani, ilikuwa ya kijivu, nyekundu nimeikuta wiki hii. Kijani nimepaka mie, Ijumaa ile, kwa brashi ya chokaa, ili mnione mtu. Mjomba kasema mpya kwa sababu nilimchafulia kanzu akaona haya kwa niaba yangu. Namtaka Mwajuma. Hayo ndiyo ninayoyajua."

Mjomba akatazama juu, kama anakagua bati la karakana. Alfonsi akasema taratibu, "Na ile namba tuliificha," maana dhamiri yake haikujua kunyamaza.

Fundi akaishika ile barua huku anaipima mkononi. Akasema, "Mbona neno dogo hivi limewachukua wiki nzima?"

Kisha akaingia karakana akatoka na kopo la maziwa lililojaa vibati vya chapa. Akachambua, akatoa kimoja cha shaba, chenye picha ya nyuki. Akakwangua rangi shingoni kwa ncha ya kisu, yakatokea matundu mawili, moja juu na moja chini. Akakiweka kile kibati. Matundu yakakubaliana.

"Chapa Nyuki," akasema. "Ya Uingereza, hapo hamkukosea. Kuna Mzungu alikuwa anakuja nayo Pugu kila Jumapili, anashindana na kivuli chake. Akagonga mbuzi kwenye mteremko. Ililetwa hapa ya buluu, imechubuka yote. Nikanyoosha uma, nikatoa chapa ili ipakwe, Mwajuma akapaka. Kabla sijairudisha chapa, mpishi wake akaja mbio kuichukua, bwana wake kahamishwa. Tangu siku hiyo sikuiona tena."

Alfonsi akaomba aruhusiwe kukisoma kile kibati. Akakisoma mara tatu, akafungua kitabu chake, na Nyuki ilikuwemo, ukurasa wa mwisho kabisa, picha ndogo. Machozi yalimlenga, sisemi uongo.

Fundi akachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akakisugua kitovu cha gurudumu la nyuma, pale penye grisi ambapo sisi wote watatu hatukuwahi kugusa kwa sababu pachafu. Zikatokea tarakimu mbili, zimegongwa kwenye chuma.

"Huu ndio mwaka. Gurudumu ni la kwake, nimelifungua mwenyewe. Wewe umezaliwa lini?"

Nikamwambia. Akahesabu.

"Imekuzidi miaka miwili."

Nikaitikia ndiyo, mzee.

"Umepanda mkubwa wako, umempaka rangi ya majahazi, umemkwangua na senti, halafu umekuja kusema ni kitoto cha mwaka mmoja na nusu." Uso wake haukuonyesha kama anatania. "Iamkie."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Iamkie kwa adabu."

Basi wakuu, mbele ya baba mkwe, mshenga, karani, wauza mkaa wanne waliokuwa wanangoja kuzibiwa pancha, na binti niliyempenda, nikainama kidogo nikaiambia baiskeli, "Shikamoo."

Mzee mmoja wa mkaa akaiitikia kwa niaba yake, "Marahaba, mwanangu."

Fundi akaifungua ile barua, akaisoma, akaikunja akaitia mfukoni kwake. Niliona inavyoingia mfukoni, na mpaka leo naiona. Kisha akamwuliza Mwajuma anasemaje.

Desturi yetu binti akiulizwa hunyamaza, na kunyamaza ndiko kukubali. Huyu hakunyamaza. Akasema, "Aikwangue yote. Kijani na kijivu, hapa hapa, nikimtazama. Na nyekundu yangu isiguswe. Akiichana mstari mwingine, asirudi."

Nilikwenda Jumapili zote za miezi miwili. Nilipewa kitambaa, mafuta ya taa na kijiti cha mwanzi, senti nilinyang'anywa mlangoni. Mwajuma alikaa hatua tatu kutoka kwangu, baba yake hatua mbili, na hivyo ndivyo tulivyozoeana. Nilijifunza kwamba hapendi papa, anapenda kubishana, na akikasirika anasafisha brashi.

Nilichana mistari mitatu. Nilirudi mara zote tatu, na hakuniuliza nimerudi kufanya nini. Akachukua brashi akaziba.

Siku ya ndoa baiskeli ililetwa kwetu Temeke imekamilika. Nyekundu, mistari ya dhahabu, Nyuki shingoni. Mguu wa kulia wa uma, korosho yake imepakwa upya. Nikazunguka upande wa pili.

Mguu wa kushoto, kidogo kama ukucha, alikuwa amechora sikio.

Nimepigwa teke lingine hapa. Anasema niseme pia kwamba Mjomba Sefu alikwenda anamwonyesha kila mgeni wa harusi lile sikio, kama ushahidi kwamba alikuwa sahihi tangu mwanzo. Ni kweli.

Ile baiskeli tulikaa nayo miaka mingi. Watoto wetu wote wamekua wakiiamkia asubuhi kabla ya kwenda shule, hawakujua kwamba nyumba nyingine hawafanyi hivyo. Kisha mtoto wetu mmoja akaiazima, akaiegesha nje ya duka Tandika, akatoka hakuikuta. Tuliitafuta mpaka tukachoka. Mwajuma hakusema mengi. Alisafisha brashi zote za nyumba nzima, hata zisizokuwa chafu.

Nilichojifunza kwa maisha yangu: kusema sijui mapema kungeniokolea kanzu moja na ulimi mmoja. Na baiskeli iliyopakwa rangi upya usiihukumu kwa ya juu. Kuna mtu aliikalia chini, akaipaka kwa subira, na huenda si Ulaya kabisa.

Sasa wengine changieni mtakavyo, hata kunicheka ruksa. Mimi namgeukia yule kijana wa jana.

Mwanangu, kwenye picha yako shingoni naona rangi nyeusi tu, chapa haipo, na mwizi huanza kwa kung'oa chapa. Rudi Tandika kwa yule fundi. Umri usiutafute chini penye pedeli, utaambiwa karne iliyopita. Safisha kitovu cha gurudumu la nyuma. Kisha nenda mguu wa kushoto wa uma, karibu na gurudumu. Tumia kitambaa na mafuta ya taa, polepole. Usitumie senti.

Ukikuta ni chuma kitupu, niandikie hapa hapa tu, hakuna ubaya, tumeshazoea kungoja.

Ukikuta sikio, kwanza iamkie. Halafu njoo uniambie. Mwajuma kakaa hapa, kavaa miwani yake, na leo kakataa kwenda kulala mchana.